Ni Hapo Tu

Ukiuliza njia popote kati ya Iringa na Mbeya utajibiwa "ni hapo tu". Mkono utanyooshwa, au mdomo utachongolewa kuelekea mlimani, na sauti itakuwa ya upole kabisa. Hapo tu inaweza kuwa dakika kumi. Inaweza pia kuwa saa tatu za kupanda, maji yameisha na kivuli hakuna. Aliyekujibu hajakudanganya. Amepima kwa miguu yake, na miguu yake inapita pale kila wiki.

Neno hilo limenisumbua tangu mhariri mmoja aniombe orodha ya mahali pa kupanda miamba na vilima huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Alitaka safu tatu: wanaoanza, wa kati, wazoefu. Kazi ya nusu siku, alisema. Na kweli, majina ninayo. Kilichonikwamisha ni swali ambalo mwanzoni lilionekana dogo: nikimwambia mtu nisiyemjua kwamba mwamba fulani ni rahisi, ninamwambia nini hasa? Rahisi kwa nani?

Tuanze na Iringa, maana pale jiwe liko mlangoni. Mji umekaa juu ya kilima, na mawe makubwa ya graniti yamejitokeza hadi katikati ya nyumba za watu. Maarufu kuliko yote ni Gangilonga. Jina ni la Kihehe, jiwe linalosema, na inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa, yule aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, alikuwa akienda kutafakari hapo. Unatembea kutoka mjini, unapanda bila kamba, unakaa juu kutazama jua likizama. Orodha yoyote italiweka Gangilonga kwenye safu ya wanaoanza.

Sasa jua limeshazama. Ule mteremko wa jiwe uliopanda kwa nyayo mbili na kiganja kimoja unautazama kutoka juu, gizani, na magoti yanakataa. Wahenga walishasema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Yakidondoka manyunyu kidogo, ule utando mweusi juu ya graniti unateleza kama sabuni. Jiwe lile lile, jioni ile ile, limeshahama safu ya kwanza na kuingia ya tatu, wala halijasogea hata inchi moja.

Mbeya nako ni hivyo hivyo, ila kwa vipimo vikubwa zaidi. Mlima Loleza umesimama nyuma ya mji, mita 2,656 kutoka usawa wa bahari. Mji wenyewe uko kwenye mita kama 1,700, kwa hiyo anayetoka mjini mpaka kileleni anapanda zaidi ya mita 900. Nimeona mara nyingi tukio moja upande huo. Kijana ameshuka jana kwenye basi la Dar, kwenye hewa nzito ya pwani, leo yuko mlimani na viatu vipya, anahema. Anapishana na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani na ndala miguuni.

"Shikamoo mama. Bado mbali?"

"Marahaba mwanangu. Aa, ni hapo tu."

Hapo mzoefu ni nani? Kwa safu za mhariri wangu, kijana ni "wa kati" kwa sababu ana viatu na aliwahi kupanda milima ya Uluguru. Mama hayumo kabisa, kwa sababu hakuwahi kuita anachofanya mchezo. Na bado mama ndiye anayejua jiwe lipi linacheza na ukungu unaingia saa ngapi. Kitu kimoja tu hakijui: mapafu ya yule kijana.

Wapandaji wa kamba wa nchi nyingine wamehangaika na tatizo hili kwa takribani miaka mia moja. Wakatunga madaraja ya ugumu kwa namba. Mfumo unaotumika Marekani ulitengenezwa kwenye miamba ya California miaka ya 1950, ukaanzia 5.0 na kuishia 5.9. Kwa nini 9? Kwa sababu waliotunga waliona ule ndio ukomo, kwamba binadamu hawezi zaidi ya hapo. Haukupita muda wakaja vijana waliopanda kilichokuwa hakipandiki, ikabidi ibuniwe 5.10, namba ambayo kihesabu ni kituko. Leo mfumo umefika 5.15. Na wapandaji wanaonyana kwamba njia ya zamani iliyoandikwa 5.9 inaweza kuwa ngumu kuliko ya kisasa yenye namba hiyo hiyo. Yaani hata namba, inayojifanya haina mwenyewe, ina miguu ya mtu ndani yake. Ubora wake ni mmoja: njia ikishapandwa na wengi, wengi husahihisha. Kwenye miamba yetu mingi hakuna hao wengi wa kusahihisha. Neno la mwandishi mmoja likitoka gazetini, ndilo limekuwa daraja.

Siku hizo hizo dada mmoja ninayefanya naye kazi aliniuliza: Jumapili nataka kumpeleka mwanangu Gangilonga, ana miaka tisa, ni rahisi? Sikuwa na jibu, nilikuwa na maswali. Amewahi kupanda jiwe? Anaogopa urefu? Mtakuwa watu wazima wangapi? Mtashuka saa ngapi? Mvua ilinyesha lini? Tukazungumza dakika tano, akaamua waende asubuhi, na kaka yake awe nao. Dakika tano hizo ndizo zilizomsaidia. Neno "rahisi" halikutajwa tena.

Gazeti haliwezi kufanya hivyo. Plato, katika Phaedrus, anamfanya Socrates alalamike kwamba maandishi ukiyauliza swali yanarudia neno lile lile, na hayajui yamefika mikononi mwa nani. Sisi tunaopenda vitabu huwa tunayasoma malalamiko hayo na kutabasamu, kwa sababu tunayasoma kwenye maandishi. Lakini uyapeleke Rungwe, mita 2,960, njia imepita msituni, tope, ukungu, simu haina mtandao. Msomaji amesimama kwenye njia panda na makala yangu mfukoni, na makala haimuulizi kama ana koti.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzuri. Watu wazima wana akili zao. Tukijaza maonyo kila mstari, tutawaogopesha wale hasa tunaotaka watoke nyumbani, na milima itabaki ya watalii na wenye vifaa. Nakubali. Kijana wa Mbeya asiyepanda Loleza kwa sababu mwandishi fulani alimtisha amepoteza kitu, na mwandishi amechangia. Ila kumheshimu mtu kama mwenye akili ni kumpa vitu vya kuamulia. Neno "rahisi" linamwamulia. Kadhalika "hatari". Yote mawili yanamnyang'anya kazi yake na kumwachia miguu tu.

Halafu kuna wa tatu, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza: jiwe lenyewe. Kilomita kama 20 kutoka Iringa, kwenye barabara ya Mbeya, kuna Isimila, ambako zana za mawe za watu wa kale zilitambuliwa mwaka 1951. Karibu na hapo zimesimama nguzo ndefu zilizochongwa na maji kwa karne nyingi. Mtoto mwepesi angeweza kuanza kukwea baadhi yake, na picha ingependeza sana. Lakini ule ni udongo na mchanga ulioshikamana. Kila kidole kinaondoka na kipande. Igeleke nako, nje kidogo ya mji wa Iringa, kuna mwamba wenye michoro ya kale. Kwa mpandaji ni mwamba mzuri. Kwa mchoro, kiganja chenye jasho ni msasa. Australia waliufunga mwamba wa Uluru kwa wapandaji Oktoba 2019, baada ya wenyeji wake, Waanangu, kuomba kwa miaka mingi kwamba usipandwe. Kwa miguu tu, maelfu waliuweza. Uwezo haukuwa swali pekee.

Kwa hiyo swali langu, rahisi kwa nani, lina majibu matatu na si moja: kwa anayepanda, kwa aliye dhaifu kuliko wote katika msafara, na kwa mahali panapopandwa. Safu tatu za mhariri zilimpima wa kwanza peke yake.

Nilichompelekea mwishowe hakikuwa na safu. Kila mahali nimeandika muda wa mama wa kuni na muda wa mgeni, ni wapi unaweza kugeuka bila aibu, jiwe likoje siku moja baada ya mvua, unashukaje, na nani wa kumsalimia kabla hujapanda. Iringa unaanza na "kamwene", na mara nyingi salamu hiyo inakupatia mtu wa kukuonyesha njia. Isimila nimeandika: tembea chini, tazama juu. Miamba inayotaka kamba nimeitaja kwa sharti moja, uwe na mtu aliyefundishwa kushika kamba, kwa sababu hapo uzoefu wako wewe ni nusu tu ya uhai wako. Nusu nyingine iko mikononi mwa aliyebaki chini.

Mhariri amesoma, amesema ni ndefu, na ameomba jambo moja tu: kwenye kichwa cha habari tuweke "milima rahisi", kwa sababu ndicho watu wanachotafuta. Nimemjibu kwamba maneno yote mengine anaweza kuyapunguza apendavyo, ila hilo asiliongeze. Bado hajajibu.