Mzigo wa Mafunjo: Je, Ni Haki Kinamasi Kitusafishie Uchafu Wetu?

Reli inayotoka mjini Kampala kwenda Port Bell hupita katikati ya kinamasi cha Nakivubo na kukigawa sehemu mbili. Upande wa juu, kuelekea Bugolobi, mafunjo mengi yameondolewa na mahali pake pamelimwa magimbi, ambayo sisi hapa tunayaita mayuni. Upande wa chini, kuelekea Luzira na ziwa, bado kuna mafunjo marefu kumpita mtu, yanayoelea juu ya maji kama mkeka mnene. Siku moja nilisimama kando ya reli hiyo nikizungumza na mama mmoja aliyekuwa aking'oa mayuni, miguu mitupu, maji meusi yakimkaribia magotini. Nilimwuliza kwa Kiganda kama haogopi maradhi. Alicheka. "Maji haya ndiyo mbolea yangu, mwanangu," alisema. Kisha akaniuliza: "Na choo cha huko hosteli kwenu Nakawa, uchafu wake unakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma miaka mingi, ninajua mito ya Ulaya kwa majina, lakini sikujua kinachotokea baada ya mimi kuvuta mnyororo wa choo. Insha hii ni jaribio la kumjibu mama yule, na katika kumjibu nimejikuta nikikabili swali la maadili: je, ni haki mji kukitwika kinamasi mzigo wa kuusafishia uchafu wake? Na kama si haki, je, kujenga kinamasi kingine kwa mikono yetu kunaondoa dhuluma hiyo?

Nianze na mambo yalivyo. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya mvua na maji taka kutoka katikati ya mji, kutoka eneo la viwanda, na kutoka mitaa ya mabondeni ambako vyoo vya shimo hufurika mvua inaponyesha. Mtambo wa kusafishia maji taka wa Bugolobi, ulioko katika Divisheni ya Nakawa, nao hutoa maji yake huko huko. Yote huingia kinamasini, kisha katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Kilomita chache kutoka hapo, huko Ggaba, Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka huvuta maji ya kunywa ya mji. Kwa hiyo kati ya choo chetu na bilauri yetu kuna vitu vitatu: mtambo, kinamasi na ghuba. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Wakazi wa vilima vya Kololo, Naguru na Mbuya humwaga maji bondeni, na maji hayo huwangoja chini, ziwani, hadi yatakaporudi kwao kwa njia ya bomba.

Kinamasi hufanyaje kazi hii? Wengi hudhani kwamba mmea "hunywa" uchafu. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. Mafunjo hutumia naitrojeni na fosforasi kama chakula chake, ndiyo maana mayuni nayo hustawi pale. Lakini vijidudu vya maradhi, yaani bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo, virusi na mayai ya minyoo, haviliwi na mmea. Maji yanapopita polepole kati ya mizizi, mayai ya minyoo na chembe nzito huzama chini. Bakteria hunaswa kwenye utando unaoota juu ya mizizi, huliwa na viumbe wadogo zaidi, au hufa tu kwa kuwa wako nje ya tumbo la binadamu, mahali wasipopazoea. Jua huua wale linaowafikia. Jambo kubwa katika yote haya ni muda. Maji yakikaa siku kadhaa, vijidudu hupungua sana. Yakipitishwa mbio katika mtaro ulionyooka, hutoka karibu kama yalivyoingia. Kila mtaro anaochimba mkulima ili kukausha kijishamba chake, na kila kifusi kinachomwagwa ili kujenga ghala, hupunguza muda huo.

Mwaka 1999 wataalamu wa uchumi walikadiria kwamba huduma ya kinamasi cha Nakivubo, hasa ya kusafisha maji, ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Hesabu hiyo imetajwa mara nyingi na watetezi wa mazingira, na ninaelewa kwa nini. Mbele ya mtu anayetaka kujenga kiwanda bondeni, neno "dola" husikika haraka kuliko neno "mafunjo". Hata hivyo hesabu hiyo ina hatari yake. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitofautisha kitu chenye bei na kitu chenye hadhi: chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani sawa, chenye hadhi hakibadilishwi. Tukikitetea kinamasi kwa bei peke yake, tumekubali kwamba siku atakapotokea mwenye bei kubwa zaidi, kinamasi kiondoke. Tena tumekiita mfanyakazi asiye na mshahara, na mfanyakazi wa namna hiyo huongezewa kazi hadi aanguke.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema kinamasi si mtu, hakina maumivu wala hadhi, na kwamba Kant mwenyewe alizungumzia viumbe wenye akili. Nakubali. Sitaki kudai kwamba mafunjo yana haki kama za binadamu. Lakini Kiswahili kina neno linalotusaidia hapa kuliko bei na hadhi, nalo ni amana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 237, inasema kwamba serikali inashikilia maziwa, mito na ardhioevu kwa niaba ya wananchi wote. Hiyo ndiyo amana. Mtu aliyewekewa amana haulizwi kama kitu alichopewa kina hadhi. Anaulizwa kama atakirudisha kilivyokuwa. Ukinipa ng'ombe wako nimtunze, nami nikamlimisha shamba langu mpaka akakonda, sijiteteei kwa kusema kwamba ng'ombe si mtu. Nimekukosea wewe.

Ni nani basi aliyekosewa katika Nakivubo? Hapa inabidi kufanya hesabu kidogo. Maji taka yasiyosafishwa yanaweza kuwa na bakteria wa kinyesi wapatao milioni 10 katika mililita 100, yaani nusu ya kikombe kidogo. Tukisikia kwamba kinamasi fulani kimeondoa asilimia 99 ya bakteria hao, tunapiga makofi. Lakini asilimia moja ya milioni 10 ni 100,000. Hata kikiondoa asilimia 99.9, wamebaki 10,000. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1989, liliweka kikomo cha bakteria 1,000 kwa mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi. Asilimia huhesabu kilichoondoka, ilhali mwili wa binadamu huugua kwa kilichobaki.

Sasa mtazame mama yule wa mayuni. Mwongozo wa mwaka 2006 wa shirika hilo hilo unasisitiza kwamba usalama hutokana na vizuizi vingi vinavyofuatana: kusafisha maji, namna ya kumwagilia, kuosha mazao, kupika. Mlaji wa mayuni analindwa na chungu, kwa sababu mayuni hayaliwi bila kuchemshwa vizuri, na moto huua vijidudu. Mnywaji wa maji ya bomba analindwa na mitambo ya Ggaba. Mimi niliyevuta mnyororo ninalindwa na umbali. Mama yule ndiye peke yake anayesimama mahali ambapo bado hakuna kizuizi. Kila mmoja wetu ana ukuta wake, na ngozi ya miguu yake ndiyo ukuta wake.

Na bado, linapozungumzwa suala la kulinda ardhioevu, yeye ndiye anayetajwa kuwa mharibifu. Mwaka 2024 Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira ilibomoa nyumba katika kinamasi cha Lubigi, upande wa pili wa mji, na familia nyingi zikabaki bila makazi. Sheria inakataza kujenga kinamasini, na sitetei uvunjaji wa sheria. Ninachouliza ni hiki: anayelima kinamasini na anayemwaga kinyesi kinamasini, ni yupi aliyetangulia kukivamia? Wa kwanza tunamwona kwa sababu ana jembe mkononi. Wa pili haonekani kwa sababu uvamizi wake hupita chini ya ardhi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ardhioevu ya kujengwa. Wazo lake ni rahisi. Huchimbwa birika lisilo na kina kirefu, sakafu yake huzuiwa isivuje kwa udongo wa mfinyanzi au plastiki nzito, hujazwa kokoto, na juu yake hupandwa mafunjo au matete. Maji taka ambayo tayari yametuliwa katika bwawa au tangi hupitishwa polepole ndani ya kokoto, chini ya uso, hivi kwamba mbu hawapati mahali pa kutagia na mtu hakanyagi maji. Si ndoto ya wazungu. Watafiti wamelijaribu kwa mafunjo huko Kirinya mjini Jinja, na hapa hapa Bugolobi wamelinganisha mafunjo na mimea mingine ya vinamasi vyetu, na mafunjo yakafanya vizuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watafiti walioshughulikia mabwawa na ardhioevu za namna hii kwa miaka mingi.

Wengi huisifu ardhioevu ya kujengwa kwa sababu ni nafuu na haihitaji umeme mwingi. Sifa hizo ni za kweli, lakini mimi ninaiona tofauti yake kubwa mahali pengine. Kinamasi cha asili kinapopokea uchafu, hakuna anayewajibika. Hakina lango la kuingilia wala la kutokea, kwa hiyo hakuna wa kupima kilichoingia na kilichotoka. Kikishindwa, tunasema mazingira yameharibika, kana kwamba yamejiharibu. Ardhioevu ya kujengwa ina mwenyewe. Ina bomba la kuingiza na bomba la kutoa, na kati ya mabomba hayo mawili kuna mtu wa kuulizwa. Anayeijenga amekiri kwamba uchafu huu ni wake.

Pingamizi zipo. Ya kwanza ni ardhi. Katika nchi za joto mifumo hii huhitaji kiasi cha mita mraba moja au zaidi kwa kila mtu. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 1.8 katika Kampala. Tukikadiria mita moja tu kwa kila mmoja, tunahitaji karibu kilomita mraba mbili. Nani atazitoa Nakawa, ambako kila kiwanja kinagombewa? Sidai kwamba mji mzima utasafishwa kwa mafunjo. Mtambo mpya wa Bugolobi, wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, hufanya kazi ambayo birika la kokoto haliwezi. Lakini shule, hosteli, hospitali na viwanda vyenye uwanja wa kuegesha magari mia vinaweza kutenga kipande kwa ajili ya uchafu wao wenyewe. Tunapata nafasi ya magari kwa sababu tunaona aibu kuyaacha barabarani. Uchafu tunauacha barabarani kwa jirani kwa sababu hatuuoni.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi kwangu. Birika hilo litajengwa wapi? Kama litajengwa tena bondeni, kando ya nyumba za maskini, basi tumebadilisha tu umbo la dhuluma. Nami nakiri kwamba teknolojia haijui haki. Inafuata mahali inapowekwa. Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ni hii: uchafu usafishwe karibu iwezekanavyo na aliyeutoa, na anayebaki na hatari ya mwisho awe na sauti ya kwanza katika uamuzi. Kwa kanuni hiyo, mama wa mayuni hapaswi kuitwa baada ya tingatinga kufika. Anapaswa kuitwa mchoro unapochorwa, na kama kinamasi kitarudishiwa mafunjo yake, yeye anayejua kila mtaro wa mahali pale awe miongoni mwa watakaolipwa kuyapanda na kuyavuna.

Kinamasi cha asili hakitaacha kutusaidia hata tukijenga vingine. Mvua ikinyesha sana na mtambo ukizidiwa, kitapokea. Tofauti ni kati ya kuomba msaada na kutupa mzigo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na sisi uzazi wetu, yaani kila siku tunayoamka na kwenda chooni, haujafika mwisho.

Baada ya mazungumzo yale nilimwuliza msimamizi wa hosteli yetu choo chetu kinaelekea wapi. Alinionyesha kifuniko cha chuma nyuma ya jengo na tangi lililo chini yake, akasema kwamba likijaa huja gari kulinyonya. Gari hilo huenda wapi? Alisema hilo si swali lake. Nimerudi relini mara mbili tangu siku ile na sijamkuta mama yule. Nikimkuta nitamweleza nilipofika: nimelijua tangi, na gari bado ninalifuata.