Mkono Hauoni Njano

Usiku wa tarehe 27 Oktoba 2002, katika mji wa Madera, jimbo la California, kijana wa miaka 24 aitwaye Everardo Torres alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, pingu mikononi. Alikuwa ameamka usingizini na kuanza kupiga mayowe na mateke. Afisa mmoja akafungua mlango, akachomoa kiunoni kile alichoamini ni kifaa cha kumpiga shoti ya umeme ili atulie, akalenga, akafyatua. Kilichotoka ni risasi, na Torres akafa.

Kifaa alichokikusudia afisa huyo ni Taser. Kesi ilipofika mahakamani ilibainika kwamba mfuko wa Taser yake ulikuwa upande wa kulia, chini tu ya mfuko wa bastola yake aina ya Glock. Mkono uleule na mwendo uleule, ila kimoja kilikuwa juu kidogo ya kingine. Ilibainika pia kwamba alishawahi kuzichanganya kabla ya usiku ule, na mkubwa wake akamwambia azidi kufanya mazoezi ya kuzichomoa.

Wengi wakisikia kisa hiki humrukia afisa. Lawama anayo, hilo silipingi. Lakini ukishamlaumu na kumfukuza kazi, kifaa kinabaki na umbo lilelile la bastola, na kesho kinavalishwa mwingine.

Taser haikuzaliwa na sura ya bastola. Aliyeibuni, Jack Cover, alikuwa mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa amefanya kazi kwenye mradi wa Apollo wa kwenda mwezini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilikuwa zikitekwa mara kwa mara, naye akawaza silaha ambayo mtu anaweza kuitumia angani bila kutoboa ndege wala kuua abiria. Hataza yake ilitoka mwaka 1974. Kifaa chenyewe kilifanana na tochi kubwa. Kilichokikwamisha ni baruti iliyotumika kurushia vishale: mwaka 1976 serikali ya Marekani ikakiweka kwenye kundi la silaha za moto, na soko likafa kabla halijachangamka.

Mwaka 1993 ndugu wawili wa Arizona, Rick na Tom Smith, walimfuata Cover, wakashirikiana naye kuondoa baruti na kuweka gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa. Toleo lao la kwanza nalo halikuwa bastola. Polisi hawakulipenda sana, na kampuni ikaelekea kufilisika. Ndipo mwaka 1999 wakatoa M26: ina nguvu zaidi, ina mpini wa kukamatwa kwa kiganja, ina kifyatulio cha kidole cha shahada, na inalengwa kwa kunyoosha mkono. Hiyo ikanunuliwa.

Kuipa Taser umbo la bastola haukuwa uamuzi wa kipumbavu. Askari wa Marekani hufundishwa bastola tangu siku za mwanzo za chuo, kwa hiyo ukimpa kifaa chenye umbo hilo, hujamfundisha kitu kipya, anakijua tayari. Tena kulenga kunahitajika kweli. Vishale hutoka viwili, kila kimoja kikiburuta waya mwembamba. Katika matoleo mengi ya kale, cha juu huenda moja kwa moja na cha chini huinama nyuzi 8, hivyo mlengwa akiwa umbali wa mita 2 hivi, vishale humpata vikiwa vimeachana kiasi cha sentimita 30. Umeme hupita kati ya pointi hizo mbili, na kadiri zinavyoachana ndivyo misuli mingi zaidi inavyokamatwa. Toleo la X26, lililokuja mwaka 2003, hupiga mapigo 19 kwa sekunde, kwa sekunde 5 kila kifyatulio kinapobonyezwa. Kishale kimoja kikikosa, hakuna kitu.

(Niseme hapa hapa kuhusu zile tochi za shoti zinazouzwa mtandaoni zikiwa zimeandikwa volti milioni kadhaa. Hewa kavu huhitaji takriban volti 30,000 ili cheche iruke sentimita 1. Cheche inayoruka sentimita 3 haizidi volti laki moja, hata kiboksi kiandikwe nini. Na kifaa cha namna hiyo lazima kimguse mtu, maana yake lazima naye awe karibu vya kutosha kukugusa wewe.)

Turudi kwenye umbo. Urahisi ule wa kujifunza ndio uliobeba hatari, kwa sababu mkono uliofundishwa kitu kimoja mara elfu haufuti somo eti kwa kuwa umeongezewa la pili. Dereva aliyezoea magari ya Japani akipanda gari la Ulaya, anataka indiketa, anawasha wipa. Anacheka, anazima, anaendelea. Mwenye bastola hapati nafasi hiyo.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa rangi. Taser za njano zikaenea, ili mtu aone tofauti. Wazo hilo linapendeza mezani, kwenye mwanga, kwa watu waliokaa. Lakini askari anayeng'ang'ana na mtu haangalii kiunoni kwake wala mkononi. Macho yako kwa yule anayemkamata. Mkono unakwenda peke yake, na mkono hutambua vitu kwa uzito, kwa umbo na kwa pembe ya kiwiko.

Alfajiri ya mwaka mpya wa 2009, kwenye stesheni ya treni ya Fruitvale mjini Oakland, Oscar Grant, miaka 22, alikuwa amelazwa kifudifudi polisi wakimfunga pingu. Afisa Johannes Mehserle akasimama, akachomoa, akampiga risasi ya mgongoni mbele ya abiria waliokuwa wakirekodi kwa simu. Mehserle aliiambia mahakama kwamba alidhani ni Taser. Wapo wasioamini mpaka leo. Juri ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka 2. Mwaka 2015 huko Tulsa, Oklahoma, askari wa kujitolea mwenye miaka 73 alitamka jina la kifaa cha umeme, akafyatua bastola, na Eric Harris akafa.

Kisa cha Brooklyn Center, Minnesota, ndicho kinachofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu karibu kila tahadhari ilikuwa imeshachukuliwa. Ni Jumapili, tarehe 11 Aprili 2021. Daunte Wright, miaka 20, anasimamishwa barabarani; stika ya usajili wa gari imeisha muda, na kuna kimanukato kinachoning'inia kwenye kioo. Polisi wanagundua ana hati ya kukamatwa, wanataka kumfunga pingu, anajinasua na kurudi kwenye usukani. Kim Potter, afisa mwenye miaka 26 kazini, anapaza sauti: Taser, Taser, Taser! Mkononi ana Glock. Anafyatua mara moja.

Taser yake ilikuwa ya njano. Ilikuwa upande wa kushoto na bastola upande wa kulia, kinyume kabisa na mpangilio wa Madera. Ilikuwa na uzito usiofika nusu kilo, wakati bastola ilikaribia kilo nzima. Ilikuwa na swichi ya usalama inayosukumwa kwa kidole gumba kabla ya kufyatua, na Glock haina swichi hiyo. Waendesha mashtaka walizipanga tofauti hizi mbele ya juri moja baada ya nyingine, wakiuliza inawezekanaje mtu asizitambue. Juri ikakubaliana nao. Mnamo Desemba 2021 Potter alikutwa na hatia, na Februari iliyofuata akahukumiwa miaka 2.

Kama hoja ya mahakama, inatosha. Kwa mbunifu wa vifaa, orodha ileile inasema jambo jingine: tofauti zote hizo zilikuwepo na hazikuzuia kitu. Kidole gumba hakikutafuta swichi kwa sababu mkono haukuwa umeanza mwendo wa Taser hata kidogo. Ulianza mwendo wa bastola kutoka kiunoni, na mwendo ukishaanza hujimaliza. Miaka 26 ya kazi haikumsaidia. Huenda ndiyo iliyoupeleka mkono wake upande wa kulia.

Kuna pia jambo lingine ambalo watengenezaji hawalipendi. Torres alikuwa na pingu. Grant alikuwa chini kifudifudi. Kwa nini mkono ulikwenda kiunoni kabisa? Kwa sababu pale kiunoni palikuwa na kitu kilichonadiwa kuwa cha upole, kisichoua, na kitu cha upole huchomolewa upesi. Ungemwuliza afisa wa Madera kama angetoa bastola kwa mtu aliyefungwa ndani ya gari, angekataa. Alichodhani anakitoa kwa wepesi ule ni Taser. Risasi ikatoka kwa wepesi huohuo. Na tusisahau wepesi huo humwangukia nani: Grant, Harris na Wright wote walikuwa Wamarekani weusi.

Je, kuna umbo jingine? Lipo. Kifaa kinachoshikwa kama tochi, kikabonyezwa kwa kidole gumba, kinautoa mkono kwenye njia ya bastola tangu mwanzo. Gharama yake ni shabaha na muda mrefu wa mafunzo. Cover alianza na umbo hilo. Soko ndilo lililolikataa, si sayansi. Kampuni, ambayo tangu 2017 inaitwa Axon, inaonya kwenye maelekezo yake kwamba kuchanganya bastola na kifaa hiki kunaweza kuua. Onyo hilo limechapwa kwenye karatasi. Taser 10, iliyotangazwa Januari 2023, hurusha vishale 10, kimoja kimoja, hadi umbali wa zaidi ya mita 13. Bado ina mpini na kifyatulio.

Basi anayeandaa zabuni ya vifaa vya shoti, awe wa jeshi la polisi au wa kampuni ya ulinzi yenye walinzi wa bastola, asianze na bei wala volti. Ampe askari kifaa gizani, akiwa amevaa glavu na amechoka kwa kukimbia, kisha amwulize anajuaje kwamba hiyo siyo bastola. Kama jibu ni rangi, asikinunue.