Sumu Isiyokuwemo

Shangazi alinipa kichupa akaniuliza, "Hii kweli ina sumu ya nyoka?" Lebo ilisema Lachesis 30C. Alikuwa ameshameza vidonge vyake wiki mbili. Aliogopa, ila kwa ile hofu yenye majivuno kidogo ndani yake.

Jibu fupi ni hapana. Refu linaanzia Suriname, mwaka 1828. Daktari Mjerumani, Constantine Hering, alipata sumu ya nyoka mkubwa wa misitu ya huko, akaisaga na sukari ya maziwa. Inasimuliwa kwamba homa ilimshika akaweweseka, mkewe akamweleza baadaye aliyokuwa akiyasema. Hering alimfuata Samuel Hahnemann, mwasisi wa homeopathi, aliyefundisha kwamba kinachomletea mtu mzima dalili fulani, kikipunguzwa sana, humponya mgonjwa mwenye dalili hizohizo. Ndiyo maana Lachesis hupewa wanawake wanaopandwa na joto hedhi inapokoma, hasa wasiovumilia kitu shingoni. Shangazi alishaacha kuzungusha mtandio. Alijiona kaelezwa yeye.

Tatizo ni hiyo 30C. Unachukua sehemu moja ya dawa, unaizimua kwa sehemu 99 za maji au spiriti, unatikisa. Sehemu moja ya mchanganyiko huo nayo unaizimua vilevile, mpaka mara 30. Ukipita mara ya 12 hivi, hutarajii tena kukuta hata molekuli moja ya sumu. Ya 30 ni moja likifuatwa na sufuri 60. Kinachobaki ni sukari.

Sasa wewe ungemjibu nini? Analala vizuri. Aliyempa simwiti tapeli, maana naye anaamini. Nilikuwa tayari kunyamaza. Mkubwa wako humvunji moyo hivihivi kwa sababu umesoma hesabu. Mpaka alipotaja, kama jambo la kupita tu, kwamba vile vidonge vya presha ameviacha, hii moja inamtosha.

Vile vilikuwa captopril.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Jararaca, nyoka wa Brazil, ana sumu inayoshusha presha ya aliyeumwa. Wanasayansi walichunguza kilichomo, wakatengeneza kiwandani dawa ya kuiga kazi yake, nayo Marekani ikaidhinishwa mwaka 1981. Ndiyo captopril. Kwa hiyo kati ya dawa mbili za shangazi, iliyojifunza kwa nyoka ndiyo aliyoitupa.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipobadilika. Nilikuwa napima uongo wa faraja kwa kuangalia kidonge: hakina kitu, basi hakina madhara. Kumbe nilipaswa kuangalia mkono wa pili, mtu ameweka nini chini ili akipokee.

Nikamwambia yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Huyu alinisikiliza saa nzima, mwanangu. Yule wa presha hata usoni hakunitazama."

Sikuwa na jibu. Kidonge ni kitupu, ila ile saa nzima haikuwa tupu, na hospitali haikumpa.

Kesho yake tulikwenda kupima. Presha ilikuwa juu sana. Safari hii niliingia naye, nikauliza maswali mpaka daktari akaweka kalamu chini. Captopril amerudia. Kichupa bado kiko dirishani kwake, na kila nikienda nakiona kimepungua.