Sifa ya Mchezaji na Aibu ya Ulevi

Watu hubishana sana juu ya mas-ala haya: mchezaji hodari aliyewapita wenziwe wote uwanjani, kisha ikadhihirika kwamba nje ya uwanja alikuwa akitumia madawa ya kulevya, je, yafaa apewe heshima za mchezo, au zimemwondokea? Wako wasemao kwamba hastahiki hata kutajwa, kwani kumsifu mlevi ni kuusifu ulevi. Na wako wasemao kwamba mchezo ni mchezo, na ya nyumbani kwa mtu hayamhusu mtu. Makundi haya yote mawili yameacha kupambanua. Na pasipo kupambanua, haki hupotea.

Mfano ulio wazi ni Diego Maradona wa Argentina. Mwaka 1986 aliliongoza taifa lake kutwaa Kombe la Dunia huko Mexico. Aliutia mji wa Napoli katika furaha usiyopata kuijua, kwani kwa mara ya kwanza timu yake ilichukua ubingwa wa Italia mwaka 1987, ikarudia mwaka 1990. Na mtu huyo huyo alikuwa mtumwa wa kokeni. Mwezi wa Machi 1991 alipimwa baada ya mechi, ikaonekana mwilini mwake, akafungiwa miezi 15. Juu ya hayo, mwaka 2000 shirika la mpira la dunia, FIFA, lilimpa yeye na Pelé heshima ya mchezaji bora wa karne. Na alipokufa, Novemba 2020, haukupita mwezi mmoja ila uwanja wa Napoli umekwisha kuitwa kwa jina lake.

Je, waliofanya hivyo wamekosea? Jawabu ni kwamba kwanza ijulikane heshima ni kitu gani. Heshima ya mchezo ni ushahidi: watu washuhudia kwamba fulani alifanya kadha wa kadha. Na shahidi hatakiwi kusema ila aliloliona. Tarehe 22 Juni 1986 Maradona aliuchukua mpira katika nusu yake ya uwanja, akawapita Waingereza mmoja baada ya mmoja, hata akatia bao. Mwenye kulikanya bao hilo kwa sababu ya kokeni amekuwa shahidi wa uwongo, ijapokuwa nia yake ni kuutetea wema.

Lakini siku ile ile alitia bao jingine kwa mkono, na mwamuzi asione. Na mwaka 1994, katika Kombe la Dunia huko Marekani, alitolewa mashindanoni kwa kuonekana na efedrini, dawa iliyokatazwa kwa kuwa humtia mchezaji nguvu isiyo yake. Mambo haya mawili yamo ndani ya mchezo wenyewe, nayo ndiyo yapasayo kuipunguza sifa ya mchezo. Mwenye kutumia dawa ili ashinde amewaibia wenziwe. Na mwenye kujilevya nyumbani amejidhulumu nafsi yake na jamaa zake. Zote mbili ni dhambi, walakini hazina hukumu moja.

Huko Marekani hukumu hizi mbili zaonekana katika nyumba mbili za sifa. Nyumba ya besiboli, iliyoko Cooperstown, imewaamrisha wapigao kura waitazame pia tabia ya mtu. Nyumba ya mpira wa Kimarekani, iliyoko Canton, huwataka watazame ya uwanjani tu. Ndiyo sababu Lawrence Taylor, aliyefungiwa mechi nne mwaka 1988 kwa ajili ya madawa, aliingizwa humo mwaka 1999. Nyumba ya Canton imesema kweli katika ushahidi. Walakini na ile ya Cooperstown ina hoja, kwani mtu aliyewekwa juu, vijana humtazama kwa kila jambo, si kwa mchezo tu.

Basi dawa ya khofu hiyo si kuuficha ushahidi, bali ni kuukamilisha. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari khabari ya mtu aliyepigwa kwa ajili ya ulevi zaidi ya mara moja. Mmoja katika waliohudhuria akamlaani. Mtume, rehema na amani zimshukie, akakataza asilaaniwe, akamshuhudia kwamba ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikaa mahali pake, na wema ukakaa mahali pake. Hiki hakikukifuta kile.

Na jambo hili lawagusa watu wa pwani khasa, ambako unga umeingia mitaani ukawaharibu vijana, na baadhi yao walikuwa wachezaji wa kutegemewa. Kijana akisimuliwa mabao matupu, atadhani sumu haidhuru. Akisimuliwa sumu tupu, atajifunza kwamba aliyeanguka hana tena kheri ya kurejea. Na aliyekwisha kukata tamaa, nani atamtoa shimoni? Amwambie mzazi yote mawili: huyu alicheza hivi, na hivi ndivyo kokeni ilivyomla.

Mwenyewe Maradona, siku ya kuagana na mchezo, Novemba 2001 mjini Buenos Aires, alisema mbele ya umati kwamba amekosea na amelipa, lakini mpira hauingii doa. Neno hilo ni la kweli kwa mpira. Ama yeye mwenyewe doa lilimwingia, naye hakulikana. Basi na apewe taji la mchezo wake, wala asipewe cheo cha kuwa kigezo cha maisha. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.