Rubani wa Vita na Rubani wa Abiria

Katika uwanja wa ndege wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hutua na kuruka ndege za namna mbili: za jeshi na za abiria. Upepo wao ni mmoja, mawingu yao ni mamoja, na mvuto wa dunia haumpendelei askari wala raia. Walakini kazi za marubani wao zimetengana kama mkuki na kasia, na kijana atamaniye kuruka hana budi kujiuliza ipi ni bora.

Aghalabu swali hili hujibiwa kwa mambo ya nje. Husemwa kwamba jeshi humfundisha rubani kwa gharama ya taifa, hali mwanafunzi wa kiraia hujilipia au hulipiwa na jamaa zake, kisha hutakiwa kutimiza saa 1,500 angani kabla ya kupata leseni ya juu ya urubani wa abiria. Husemwa pia kwamba askari hupata heshima na raia hupata mshahara. Maneno haya yana ukweli, lakini hupima ganda yakaacha kiini. Tofauti kubwa ni hii: rubani wa abiria amepewa haki ya kukataa, na rubani wa vita aliiweka haki hiyo rehani siku aliyokula kiapo.

Vita vya Kagera vilionyesha uzito wa rehani hiyo. Mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, ndege tatu za kivita za Tanzania ziliangushwa karibu na Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania wenyewe, waliozidhania kuwa za adui. Mwezi wa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyomsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yake yakakosa shabaha, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Walioiendesha hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Mwanza. Walitumwa, wakatii. Methali husema mjumbe hauawi, lakini mjumbe abebaye bomu hawezi kujificha nyuma ya methali. Mlinzi wa nyumba na mvamizi wa nyumba huweza kuruka kwa ustadi mmoja na ushujaa mmoja. Kinachowatenga ni haki ya aliyewatuma. Basi sehemu kubwa ya fahari ya askari imo mikononi mwa mtu mwingine.

Rubani wa abiria hana wa kumsingizia. Kanuni zilizotokana na mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 humpa kapteni neno la mwisho juu ya ndege yake. Haki hiyo huonekana tamu, lakini ina adui wengi: ratiba, gharama ya mafuta, na manung'uniko ya abiria. Tufani ya ziwa haisomi ratiba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Wavuvi ndio waliotangulia kwenda kuokoa. Si haki kuwahukumu marehemu. Yatosha kukumbuka kwamba kapteni hufa kifo cha abiria wake. Mwingine aonaye wingu jeusi juu ya Bukoba akageuza kurudi Mwanza hapewi nishani. Hupokewa kwa lawama. Hata hivyo ametimiza neno la wahenga: kawia ufike.

Hata utii una sura mbili. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, na mwisho Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Askari amtiiye adui huitwa msaliti. Kapteni alazimishwaye kwa silaha, akatii ili roho za abiria zisipotee, ni mwaminifu.

Je, askari ni chombo tu? La. Ameacha hiari yake ili raia wabaki na yao. Bila walinzi wa mwaka 1979 pengine ratiba za Mwanza zisingekuwapo. Tena dhamiri yake haikuwekwa rehani yote, kwa maana sheria za vita humkataza kuwalenga raia hata akiamriwa.

Basi kazi bora haipimwi kwa nishani wala kwa mshahara, bali kwa mzigo ambao mtu anaweza kuuchukua kwa uaminifu. Asiyeweza kumwamini amtumaye asile kiapo. Asiyeweza kustahimili lawama za waliochelewa asikalie kiti cha kapteni.