Haya ya Mgonjwa na Deni la Mji

Mwanamke aliyeondoka Itilima au Meatu alfajiri, akafika Bariadi na maumivu ambayo hajayataja hata kwa mumewe, husimama mapokezi akauliza kwa sauti ya chini kama daktari wa akina mama yupo. Naye hujibiwa kwamba yupo, akae foleni. Na mlango ufunguliwapo, akaona kuwa tabibu wa zamu ni mwanamume wa umri wa mwanawe, huinamisha uso, akaeleza habari za kichwa na homa, akaandikiwa dawa za kichwa na homa, akarejea kwao na maradhi yake yale yale. Je, katika jambo hili, ni nani aliyemkosea mwenzake?

Wapo wasemao upesi kwamba kosa ni lake, kwa kuwa mbele ya daktari hakuna aibu. Mimi sikubaliani nao. Haya kwa Mwislamu ni tawi la imani, na kwa Msukuma asiye Mwislamu ni heshima aliyolelewa nayo na mama zake. Staha iliyomjenga mtu umri wake wote haivuliwi mlangoni kama viatu.

Mafakihi hawakuidharau haya hiyo, wala hawakuiachia iue. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lilipokutana Bandar Seri Begawan mwaka 1993, liliweka daraja: atafutwe kwanza tabibu mwanamke Mwislamu, akikosekana, mwanamke wa dini nyingine aliye mwaminifu, kisha mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiye Mwislamu, na mwanamume atibupo asitazame ila kadiri ya haja, tena awepo mume, maharimu au mwanamke wa kuaminika. Mlango wa dharura, basi, umeachwa wazi, na ni lazima uwe wazi, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi katika Tanzania, haimngojei mtu apate ujasiri. Lakini kabla ya dharura kuna swali lile la mapokezi, kama yupo tabibu mwanamke, na mgonjwa ana haki ya kuliuliza na kujibiwa kwa ukweli.

Wasomao Injili wanamjua mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akawamalizia waganga mali yake yote, kisha akaja kwa nyuma, kati ya msongamano wa watu, ili aguse vazi la Yesu tu asionekane. Hakukemewa kwa kujificha kwake, aliitwa binti. Nalitazama neno hilo kuwa hukumu juu ya kila chumba cha tiba ambamo mgonjwa hukaripiwa kwa kusitasita.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya, akawalaumu watu wa miji waliosongamana katika fiqhi wakaacha tiba bila mtu wa kuishika. Fardhi ya namna hiyo, isiposimamiwa na yeyote, dhambi yake huwaenea wote. Nami sioni kwa nini isiwe hivyo kwa mkoa huu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, wenye hospitali yake ya rufaa, iwapo mwanamke wake hulazimika kupita Lamadi na Magu hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, kumtafuta mwanamke mwenziwe wa kumweleza. Binti aingiaye kidato cha kwanza Maswa leo, hata asipopoteza mwaka mmoja, ana miaka 6 ya sekondari, 5 ya shahada, 1 ya mafunzo kwa vitendo na 3 ya ubingwa mbele yake: 15 kamili, na mzazi amwozaye katikati huwanyima wengi tabibu wao.

Miaka hiyo haipiti bila wagonjwa. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki hufanywa hata na muuguzi aliyefunzwa, na wauguzi wanawake wapo. Daktari mwanamume aweza kumwita mmoja wao asimame kando ya kitanda kabla pazia halijavutwa, na aliyeko mapokezi aweza kumwambia mgonjwa, bila kuulizwa mara ya pili, nani yupo zamu leo na nani atakuwepo Alhamisi.