Tulipoomba Amani

Katika chuo cha ualimu nilikosoma, mkufunzi wetu mmoja alipenda kutuambia kwamba swali linalostahili kuulizwa darasani ni lile ambalo mwalimu mwenyewe hana jibu lake mfukoni. Katika miaka yangu 36 ya ualimu sikulifuata sana shauri hilo, maana watoto hufanya mtihani, na mtihani hutaka majibu. Sasa nimestaafu, sina wa kumsahihishia daftari, na swali nililobaki nalo ni hili: Wakristo wanapokusanyika kuomba amani mahali ambapo damu imemwagika, wanaomba kitu gani hasa?

Siulizi kwa kejeli. Mimi ni mtu wa sala tangu utoto, na nikiwa mkuu wa shule nimefungua na kufunga mikutano kwa sala mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nauliza kwa sababu ipo sala moja niliyoiongoza mimi mwenyewe ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi.

Mgeni anayefika Bariadi siku hizi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012, ataona mji wa pamba na ng'ombe na pikipiki nyingi, na watu wakarimu wasiokubali uondoke bila kula. Yote hayo ni kweli. Lakini sisi watu wa Usukumani tunalo jambo tusilopenda kulisimulia mbele ya mgeni. Kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa usiku kwa mapanga kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Macho mekundu yametosha kuwa ushahidi, kana kwamba hatujui mwanamke aliyepika miaka 50 kwa kuni na samadi kavu, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani. Msomi Simeon Mesaki, aliyeuchunguza sana msiba huu, ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea kwetu.

Bibi ninayetaka kumsimulia aliuawa mwaka 1999. Alikuwa mjane, jirani yetu, akiuza karanga kando ya uwanja wa shule. Mtoto asiye na fedha alipewa karanga chache katika kiganja, akaambiwa asimwambie mwenzake. Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, mtoto wa jirani mwingine alikufa kwa homa. Ikasemekana kwamba baba wa mtoto alikwenda mbali kwa mpiga ramli. Ikasemekana pia aliambiwa atazame upande wa machweo. Nyumba ya bibi ilikuwa upande huo, lakini hata yangu ilikuwa upande huo.

Walikuja usiku wa manane. Yowe, ambalo sisi tunaliita mwano, lilipigwa wakati wao wamekwisha kuondoka. Sungusungu wakakimbia huku na huku na mishale yao, polisi wakafika kesho yake mchana, wakaandika, wakaenda zao. Hakuna aliyekamatwa.

Jumamosi iliyofuata Jumuiya yetu Ndogo Ndogo ilikutana nyumbani kwangu, nami ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Nyumba ilijaa kuliko kawaida, kwa maana hofu hujaza mabenchi. Ulipofika wakati wa maombi nikasema tumwombe Mungu alijalie taifa letu na kijiji chetu amani, awabadilishe mioyo watu wote wenye nia mbaya. Watu wakaitikia kwa sauti moja. Baba wa yule mtoto aliyekufa naye alikuwapo. Aliomba baada yangu, tena aliomba vizuri, akataja wajane na yatima. Kisha tukaimba, tukanywa chai, tukaagana.

Jina la bibi halikutajwa. Halikutajwa na mimi wala na mtu yeyote.

Kulikuwa na mama mmoja mzee katika jumuiya yetu, rika moja na marehemu, walioolewa kijijini mwaka mmoja. Tangu Jumamosi ile akaanza kuketi karibu na mlango. Baadaye akawa haji kabisa. Mke wangu alipokwenda kumjulia hali, mzee yule alimwambia, “Mwanangu, hiyo amani mnayoiomba mimi simo.” Mwisho wa mwaka mwanawe alikuja kumchukua, akaenda naye Mwanza.

Nimejitetea kwa hoja nyingi tangu hapo, na mojawapo naiona bado ina nguvu. Hoja yenyewe ni kwamba sikuwa na ushahidi. Nilichosikia kilikuwa uvumi wa kisimani. Kama ningesimama katika sala nikamtazama jirani yangu kwa jicho la kumshuku, ningekuwa na tofauti gani na mpiga ramli? Yeye husema tazama upande wa machweo, nami ningesema tazama benchi la pili. Maradhi yetu ndiyo haya ya kunyoosha kidole bila kujua, na mtu haponyi maradhi kwa kuyaongeza. Machi 2009, wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali iliendesha kura ya siri ili wananchi waandike majina ya wanaowashuku. Niliishika karatasi ile nikasikia baridi. Nilijiuliza ni wangapi wanaandika walichokiona, na ni wangapi wanaandika jina la mtu wanayegombea naye mpaka wa shamba.

Hoja hiyo ni nzuri, ila haijibu nilichoulizwa. Kumtaja aliyeuawa si kumtaja muuaji. Kutamka jina la bibi kulihitaji ushahidi gani? Kaburi lake lilikuwa bado bichi. Ilinichukua miaka mingi kukiri kwa nini ulimi ulikuwa mzito. Nilimwogopa yule baba, ni kweli, lakini si hilo tu. Ningemtaja marehemu katika sala, ningekuwa nimesema mbele ya wote kwamba hakuwa na hatia. Na mimi, mwalimu mwenye cheti cha serikali, niliyewafundisha watoto habari za vijidudu vya malaria ubaoni, kulikuwa na kona ndani yangu iliyouliza: huenda? Nadhani kona hiyo ilikuwamo katika kila aliyeketi sebuleni mwangu, hata katika wale waliolia. Tuliomba Mungu abadilishe mioyo ya watu wenye nia mbaya, tukimaanisha watu walioko nje gizani.

Angalia jinsi mambo yalivyokuwa baadaye, katika yale mauaji ya wenye ualbino. Hapo midomo yetu ilifunguka. Tuliomba hadharani, makanisa na misikiti, tukawataja waliouawa, hata mahubiri yalikuwa makali. Nilifurahi, lakini niliona pia kilichoturahisishia kazi. Hakuna aliyedhani mtoto wa miaka 6 amekosa kitu. Kumlilia mtu ambaye hakuna aliyemshuku hakumgharimu mwenye kulia.

Hapa namkumbuka mtu asiyekuwa wa jumuiya yetu wala wa dini yetu. Mwaka 1976, nami nikiwa mwalimu kijana, serikali ilifanya msako mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na Bariadi wakati huo ilikuwa Shinyanga, kuwakamata walioshukiwa kwa mauaji haya haya. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafia kizuizini. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu, wala hakuwapo. Mwaka 1977 akajiuzulu. Wenzangu wa ofisi ya walimu walisema amefanyiwa siasa, huenda. Lakini mimi nilijifunza kwake kwamba mtu anaweza kusema “ni langu” juu ya jambo ambalo mkono wake haukulitenda. Nilijifunza, nikaandika hata katika daftari langu, na miaka 22 baadaye, katika sebule yangu mwenyewe, sikulikumbuka.

Msomaji atauliza, basi jumuiya ingefanya nini, watu wakulima wasio na silaha? Nitamjibu kwa habari ya mbali kidogo, kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Wakati wa vita vya waasi wa Joseph Kony, watoto wa vijijini walitembea kila jioni kwenda kulala mjini ili wasitekwe. Mwezi Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini, Wakristo na Waislamu, walichukua magunia yao wakaenda kulala nje pamoja na watoto hao, si usiku mmoja tu. Vita havikuisha kwa sababu hiyo, wala sidhani walitazamia viishe. Lakini mtoto aliyelala pale hakuwa na shaka kama yumo katika amani waliyokuwa wakiiomba.

Nyumba ya bibi ilikuwa hatua 200 kutoka kwangu. Uvumi wa ramli tuliusikia siku kumi kabla. Mabinti wawili wa jumuiya wangeweza kwenda kulala kwake, au mimi na mke wangu tungemwalika kwetu kwa kisingizio chochote, hata cha kutwanga karanga. Wazo hilo halikunijia kabisa, na hapo ndipo ninapokwama. Tulijua kuomba baada ya kifo. Siku zile kumi hakuna aliyeita jumuiya.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu, jumuiya ilikutana tena kwangu. Mwenyekiti sasa ni kijana niliyemfundisha darasa la tatu. Ilipofika zamu ya maombi nilisimama, nikataja jina la bibi, jina lake la ubatizo na la kwao, nikasema aliuawa bila hatia, karibu na nyumba hii, na kwamba sisi majirani zake hatukumlinda. Vijana walitazamana, wengi hawakuwa wamezaliwa. Baba wa yule mtoto bado yuko hai, ni mzee kama mimi, na alikuwa ameketi pale pale anapoketi siku zote. Wote waliitikia. Sauti yake naifahamu, nayo niliisikia ndani yao, imechelewa kidogo. Sikugeuka kumtazama.